Mfanyakazi Bora Hupimwa na Nani?

Wahenga walinena kuwa chanda chema huvikwa pete. Katika ofisi nyingi nchini Kenya, pete hiyo aghalabu huvikwa mfanyakazi anayewahi kufika, anayechelewa kutoka na asiyempinga mkubwa wake. Hapana shaka kuwa kuchunga saa na utiifu ni sifa njema. Hata hivyo, sifa hizo huthibitisha tu kwamba mtu yupo kazini. Mfanyakazi bora ni yule anayeifuata kazi yake kwa mawazo hadi kwa mtu wa mwisho atakayeitumia, hata kama hawataonana kamwe.

Mfano bayana ni wa mfasiri, kazi inayowaniwa na wahitimu wengi wa Kiswahili. Amekabidhiwa maelezo ya dawa inayopaswa kumezwa mara 3 kwa siku, kwa vipindi vilivyo sawa. Anaandika: "Meza tembe 1 kila saa nane." Sarufi haina dosari. Mkubwa wake anaidhinisha, karatasi inachapishwa, naye anasifiwa kwa kumaliza mapema. Lakini kwa Mswahili, saa nane si muda tu. Ni wakati pia, wa mchana na wa usiku. Mgonjwa atakayeielewa hivyo atameza tembe 2 badala ya 3, na huenda asipone.

Mfasiri bora huitua kalamu, akajiuliza sentensi hiyo itasomwaje na bibi kizee aliye peke yake nyumbani. Kisha huandika: "Meza tembe 1 saa 12 asubuhi, tembe 1 saa 8 mchana na tembe 1 saa 4 usiku." Sentensi imerefuka na haina madoido. Wala hakuna atakayemtuza, kwani kosa lililozuiwa halionekani.

Yamkini atatokea wa kuuliza: kwa nini mtu ajitaabishe ilhali mshahara haubadiliki? Swali hili lina uzito. Mwajiri anayehesabu kurasa pekee huwafunza watumishi wake kulipua kazi. Naye hana budi kuwapa muda wa kuhakiki na ujira unaostahili. Hata hivyo, mgonjwa hakuwapo wakati wa mapatano ya mshahara. Si haki kumtoza gharama ya mgogoro asiouanzisha.

Kifungu cha 7 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Hadhi hiyo haitalindwa kwa hotuba za makongamano pekee. Italindwa na wahitimu watakaozipokea fomu, ilani na maelezo ya umma, wakayaandika kana kwamba yatasomwa na wazazi wao. Shahada humfikisha mtu mlangoni pa ofisi. Akishaingia, atapimwa na yule anayeisoma kazi yake akiwa na tembe mkononi.