MAMBO YA NYUMBANI: Dirisha na Wakaao Ndani

Mtu ajengapo nyumba mpya, aghalabu huitazama kwa nje. Huhesabu mabati, huchagua rangi ya mlango, na wapita njia humsifu. Dirisha hufikiriwa mwisho, na mara nyingi huwa tundu la futi moja na nusu kila upande, lenye ubao unaofungwa mchana kutwa kwa hofu ya mvua, baridi au wezi. Mwenye nyumba hutoka alfajiri kwenda shambani au afisini, akarudi jioni taa imekwisha washwa. Giza la saa sita ya mchana halijui. Walijuao ni wale wanaobaki: mama ambaye hulazimika kuketi mlangoni ili achague mawe katika maharagwe, nyanya anayejikwaa penye kigoda, mtoto mgonjwa aliyelala kitandani, na mwanafunzi awashaye taa ya mafuta adhuhuri ili asome. Wahenga walisema kweli: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Hasara ya giza hilo si ya macho na mafuta ya taa peke yake. Mwaka 1882 daktari Mjerumani, Robert Koch, alitangaza kwamba amegundua vijidudu vinavyoleta kifua kikuu, na mwaka 1890 alieleza ya kuwa mwanga wa jua huviua. Chumba cha giza kisichopitisha hewa huvihifadhi, na mgonjwa mmoja akikohoa humo aweza kuwaambukiza wote walalao pamoja naye. Dirisha lililo wazi hufanya kazi mbili kwa wakati mmoja: huingiza jua, na hutoa hewa chafu. Lakini yafaa ijulikane kwamba kioo huzuia sehemu kubwa ya miale iuayo vijidudu. Kwa hiyo dirisha la kioo, ingawa ni zuri kwa kuleta mwanga wakati wa mvua, sharti lifunguliwe kila siku, na matandiko yaanikwe nje juani.

Wengine husema kwamba dirisha kubwa humkaribisha mwizi. Jambo hili si la kudharauliwa, lakini lina dawa. Wazee wa Lamu walilitatua zamani. Katika nyumba zao za mawe, nyingi zilizojengwa katika karne ya 18, ukuta wa upande wa njia ni mzito na una matundu machache, hata mpitaji haoni chochote. Lakini katikati ya nyumba mna kiwanda, yaani ua mdogo ulio wazi kwa juu, na vyumba hupata mwanga kutoka huko. Vyumba hivyo ni vyembamba, upana wa futi tisa hivi, kwa kuwa boriti za mikoko za kushikilia dari hazifiki mbali zaidi. Na kuta zake zilipakwa lipu nyeupe, ili mwanga uliokwisha kuingia usipotee. Hivyo mtu hupata sitara, usalama na nuru. Asiyeweza kujenga kiwanda aweza kuweka dirisha lake juu kidogo ya kimo cha mtu na kulitia vyuma.

Uingereza nako palikuwa na giza la kujitakia. Tangu mwaka 1696 hadi 1851 serikali ya huko ilitoza kodi kwa hesabu ya madirisha, na watu wengi waliyaziba kwa matofali ili wasilipe. Wao walikuwa na kisingizio cha kodi. Azibaye dirisha lake pasipo kodi yoyote ana kisingizio gani?

Sasa yafaa kueleza kipimo. Kanuni ya kawaida ya wajenzi ni kwamba eneo la dirisha lisipungue sehemu moja ya kumi ya eneo la sakafu. Chumba cha futi 10 kwa 12 kina eneo la futi 120 za mraba; basi chahitaji dirisha la futi 12 za mraba, yaani futi 3 kwa 4, au mawili yaliyo nusu ya hilo. Mawili katika kuta mbili ni bora kuliko moja, kwani hewa hupita na vivuli hupungua. Tena, kadiri ncha ya juu ya dirisha inavyoinuka, ndivyo mwanga uendavyo mbali. Kwa kukadiria, mwanga wa kutosha hufika mara mbili ya kimo hicho. Dirisha linaloishia futi 7 kutoka sakafuni hutosheleza chumba chenye kina cha futi 14 hivi.

Upande nao una maana. Nchi ya Kenya imepitiwa na mstari wa ikweta, hivyo jua la adhuhuri huelekea kaskazini mwezi wa Juni na kusini mwezi wa Desemba, lakini nyakati zote liko juu sana. Madirisha ya kaskazini na kusini yenye paa lililojitokeza futi mbili hupata mwanga mtulivu bila joto kali, na hayo ndiyo yafaayo Mombasa na Kisumu. Dirisha la magharibi huko huleta joto la alasiri chumbani. Penye baridi, kama Limuru na Kinangop, dirisha la mashariki ni neema, kwa maana jua la asubuhi huondoa ubaridi na unyevu.

Ambaye nyumba yake imekwisha kujengwa asikate tamaa. Aanze kwa chokaa, au kwa udongo mweupe palipo nao. Ukuta mweupe hurudisha zaidi ya nusu ya mwanga unaoufikia, bali ukuta wenye masizi humeza karibu wote. Ukuta ulioelekea dirisha ndio upakwe kwanza. Pili, bati moja la paa laweza kubadilishwa kwa lile lipitishalo mwanga, hasa jikoni na ghalani. Tatu, upo ufundi uliobuniwa na fundi wa Brazil aitwaye Alfredo Moser mwaka 2002. Chupa ya plastiki ya lita mbili hujazwa maji safi na dawa kidogo ya kung'arisha nguo nyeupe, ili maji yasiote ukijani. Kisha hupenyezwa katika tundu la bati, nusu juu na nusu chini, na kuzibwa barabara isivuje. Jua la adhuhuri likiipiga, hutoa mwanga kama wa balbu ya wati 40 hadi 60. Usiku haifai kitu, lakini mchana haidai senti. Anayetaka kutoboa ukuta amwite fundi mwenye ujuzi, asije akakata nguzo ibebayo paa.

Kuna kipimo kimoja kisichohitaji fundi wala fedha. Saa sita ya mchana, mlango ukiwa umefungwa, mwenye nyumba na aketi katika pembe ya mbali ya chumba na kufungua kitabu cha mwanawe. Akishindwa kuzisoma herufi, nyumba hiyo haijakwisha, hata ikiwa paa lake lang'aa kuliko yote kijijini. Na kabla hajaamua mahali pa dirisha jipya, amwulize mkewe na mama yake. Wao ndio wakaao ndani, na hawatakosa jibu.