Mto Umetufuata

Baada ya mvua za masika, tulikwenda akina mama watatu wa kanisani kumpa pole mwenzetu anayekaa kando ya Mto Msimbazi, hapa Dar es Salaam. Jiko lake la nyuma ya nyumba lilichukuliwa na maji usiku, pamoja na masufuria yote. Watoto walikuwa salama. Alinishika mkono akasema, "Dada nesi, tulipojenga, mto ulikuwa kule mbali. Sisi hatukuufuata mto. Mto ndio umetufuata."

Alisema kweli. Mto huhama, na ni vizuri tujue unavyohama.

Msimbazi huanzia kwenye vilima vya Pugu, huko Kisarawe, na kuteremka kilometa zipatazo 35 hadi baharini, karibu na Daraja la Salenda. Maji yanayokwenda mbio yana nguvu ya kuchimba udongo na kuubeba. Yakifika tambarare hupunguza mwendo na kuutua mzigo: kwanza changarawe, kisha mchanga, mwisho tope laini. Unakumbuka unavyotoa mawe kwenye mchele? Unatikisa, unamimina polepole, mchele unakwenda na maji, mawe yanabaki chini ya bakuli. Mto nao huchambua udongo vivyo hivyo.

Sasa tazama pale mto unapopinda. Maji ya upande wa nje wa kona hukimbia zaidi, hula ukingo kwa chini, mpaka udongo wa juu hauna pa kushikilia na kuporomoka. Upande wa ndani maji ni mapole, nayo huacha mchanga. Upande mmoja unaliwa, wa pili unaongezeka, na mto unasogea. Jiko la mwenzetu lilikuwa upande wa nje wa kona.

Hata lile bonde tambarare tunaloliona zuri kwa kujenga limetengenezwa na mto wenyewe, kwa tope la mafuriko ya miaka mingi sana. Maji yakizidi, hurudi palepale. Desemba 2011 mafuriko yaliua watu wapatao 40 jijini, na serikali ikawapa wengi wa mabondeni viwanja Mabwepande.

Nasi tunauongezea mto nguvu. Mabati na lami havinywi maji. Mvua yote hukimbilia mtoni kwa mara moja. Wachimba mchanga hulegeza kingo. Takataka tunazotupa huziba njia ya maji, nayo hutafuta njia nyingine, pengine mlangoni kwako.

Basi, mama, zingatia haya:

1. Kabla hamjanunua kiwanja, nendeni mkakione wakati wa mvua. Waulizeni wazee wa mtaa maji hufika wapi.

2. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inataka mita 60 kutoka ukingo wa mto ziachwe wazi.

3. Ukiona nyufa ardhini, mti ulioinama au mizizi iliyobaki wazi ukingoni, usisubiri mvua nyingine. Hamisha watoto kwanza, vyombo baadaye.

4. Usikate majani na miti ya ukingoni. Mizizi yake ndiyo inayoshika udongo.

5. Maji yakiingia nyumbani, yamepita vyooni kwanza. Chemsha maji yote ya kunywa, na mtoto akiharisha mpe maji ya chumvi ya dawa mara moja, kisha mpeleke zahanati.

Mwenzetu bado anakaa palepale, maana kiwanja kingine hakipatikani kwa maneno matupu. Lakini siku ile ile tulisaidiana kubeba kitanda cha watoto kutoka chumba cha nyuma kwenda cha mbele, na mumewe ameanza kuulizia chumba cha kupanga mlimani. Kama nawe unalala ukisikia sauti ya mto, zungumza na mwenzio leo, kiangazi kikiwapo.

Tukutane mwezi ujao.