Gunia si tandiko: mvalishe punda ngozi ya kondoo, ila uijue kwanza

Ndugu mfugaji, simama kando ya barabara ya Moshono asubuhi, punda wakipandisha mahindi na maji, na usiangalie mzigo. Angalia mgongo. Utaona kiroba cha sandarusi kimekunjwa mara mbili, kamba ya manila imekazwa juu yake, na pembeni doa la manyoya meupe. Manyoya yale hayakuzaliwa meupe. Yameota pale ambapo tandiko liliua ngozi.

Ukimwuliza mwenye punda, ana majibu mawili. La kwanza, punda ana ngozi ngumu. La pili ni methali, asante ya punda ni mateke. Mimi nasema yote mawili ni uvivu. Punda akitua inzi mmoja mgongoni anaitikisa ngozi papo hapo, sasa hiyo ngozi ngumu iko wapi? Na punda anayerusha teke akikuona na kamba hajakosa shukrani. Anakumbuka ulivyomfunga jana.

Tuanze na hesabu, kwa sababu najua wafanyabiashara mnapenda hesabu. Dumu la lita 20 lina kilo 20 za maji. Madumu manne ni kilo 80. Punda wetu wengi wana kilo 120 hadi 150, na mzigo wa kumbebesha kutwa bila kumharibu ni kama theluthi ya uzito wake, yaani kilo 40 hadi 50. Madumu mawili, basi. Gunia la lumbesa usinitajie kabisa. Ukimpakia lumbesa, hata ungemtandikia godoro hutamwokoa, na nisingependa mtu anunue ngozi ya kondoo halafu aitumie kama ruhusa ya kuongeza mzigo.

Sasa tandiko lenyewe. Sandarusi hainywi jasho. Jasho linabaki juu ya ngozi, linachanganyika na vumbi letu la kiangazi, na kila hatua inakuwa kama kupitisha msasa palepale. Sufu ya kondoo ni tofauti: inaweza kunyonya unyevu hadi karibu asilimia 30 ya uzito wake kabla hujaihisi imelowa, na nyuzi zake zinalala na kuinuka badala ya kukwangua. Ndiyo maana wapanda farasi wa safari ndefu, kuanzia Australia hadi Marekani, huweka ngozi ya kondoo yenye sufu kati ya tandiko na mnyama. Farasi wao anatunzwa hivyo akibeba mtu mmoja. Punda wako anabeba chakula cha nyumba nzima.

Lakini msikimbilie kununua. Kuna maneno yanazunguka kwamba ngozi ya kondoo yoyote ni sawa. Si kweli. Kondoo wetu wengi huku, yule mwekundu wa Kimasai na yule mwenye kichwa cheusi, wana nywele fupi, hawana sufu. Ngozi yao inapunguza msuguano, na hilo ni jambo kubwa, ila haiwi mto. Ukiitumia, weka juu yake blanketi kuukuu la pamba au sufu lililokunjwa. Ukipata ngozi yenye sufu ya kweli, ibonyeze kwa kiganja: iinuke yenyewe. Panua nyuzi uone kama chini ni nzito au ni upara. Kunja upande wa ngozi. Ikilia kama karatasi au ikipasuka, mrudishie mwenyewe.

Na wale wanaouza manyoya ya plastiki wakiyaita ngozi ya kondoo tuwakatae hadharani. Chomoa uzi mmoja uuchome. Sufu inanuka kama nywele zilizoungua na inabaki majivu yanayosagika. Plastiki inayeyuka na kuwa kidonge kigumu. Muuzaji akikukatazia kuchoma uzi mmoja, umeshapata jibu.

Wengine mtaniambia ngozi ni ghali. Ipi? Wakati wa Idd el-Hajj ngozi ngapi zinaozea nyuma ya nyumba? Kwangua nyama na mafuta yote, paka chumvi, kisha ilainishe kwa shabu au magome ya muwati, ikaukie kivulini huku ukiivuta na kuisugua mpaka iwe laini. Ngozi mbichi iliyoanikwa tu juani hugeuka ubao, na ubao ni mbaya kuliko kiroba. Mfanyabiashara wa kijijini mwenye akili angeona biashara hapo.

Kosa la mwisho ndilo linalowauma punda wengi: kulaza ngozi moja nene juu ya uti wa mgongo ukidhani umemsaidia. Mzigo hautakiwi kugusa uti kabisa. Shona mito miwili ya nguo ngumu iliyojazwa majani makavu, mmoja kila upande, uiunganishe ukiacha mfereji wa vidole vinne katikati. Ngozi ya kondoo ikatwe vipande viwili, ikae chini ya mito, manyoya yakigusa mwili na yakilala kuelekea mkiani. Kipande kinachobaki kizungushie kamba ya tumboni, nyuma ya miguu ya mbele, maana nako huchubuka.

Anayempakia punda mwenye kidonda kibichi ajue kuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na kumtesa mnyama ni kosa. Na ukimmaliza huyu, hupati mwingine kirahisi. Punda jike hubeba mimba karibu mwaka mzima na huzaa mmoja. Biashara ya ngozi za punda imewapunguza barani kote, hadi viongozi wa Umoja wa Afrika wakakubaliana Februari 2024 kuzuia uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi. Punda akilala, anayebeba dumu ni mama wa nyumba hiyo, kwa mgongo wake mwenyewe.

Kidonda kikishatokea, osha kwa maji safi yenye chumvi kidogo na umpumzishe mpaka ngozi ifunge. Oili chafu ya pikipiki si dawa, acheni. Kikitoa usaha, mwite afisa mifugo. Ngozi ya kondoo yenyewe kila jioni ikung'ute, ichane kwa mkono kutoa miba na udongo ulioganda, uianike kivulini. Usiifue kwa maji ya moto, sufu itasinyaa na kushikana.