Mikono Kabla ya Ulimi: Tusiwanyime Watoto Wetu Lugha



Ndugu wazazi, wapo akina mama wanaowafundisha watoto wachanga ishara kabla hawajaanza kusema: ishara ya maziwa, ya kutaka tena, ya kushiba. Mtindo huu ulienea kutoka Marekani, ambako Linda Acredolo na Susan Goodwyn walitoa kitabu chao mwaka 1996. Wako wanaoupinga, eti mtoto atakuwa mvivu wa kusema. Wako wanaousifu, eti atawapita wenzake kwa akili. Sisi tunasema wote wamekosea.

Ishara hazimzuii mtoto kusema. Kila mtoto hunyoosha mikono abebwe, na bado husema wakati wake ukifika. Wala hazimfanyi mwanachuoni. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Hertfordshire, Uingereza, walieleza mwaka 2013 kwamba watoto wanaosikia waliofundishwa ishara hawakuwatangulia wenzao katika lugha.

Basi kwa nini tunaandika? Kwa sababu yuko mtoto ambaye kwake mikono si mchezo, nayo ni mlango wa lugha: mtoto kiziwi. Wengi wa watoto hawa huzaliwa na wazazi wanaosikia, wasiojua hata alama moja. Akiwa na mwaka mmoja tunasubiri. Akifika miwili tunasema, "Atasema tu, inshaallah." Akifika minne, hapa Kampala anaitwa kasiru, jina la Kiganda linalomtia katika fungu la wajinga. Wallahi, ujinga ni wetu! Miaka ya mwanzo ndiyo ya kupokea lugha, nasi tumeiacha ipite. Mtoto huyo atarukuu na kusujudu kwa kutuiga, wala hakuna aliyemweleza Mola wake ni nani.

Tusitafute udhuru. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 imeitaka nchi ikuze lugha ya alama. Mwaka 1996 Alex Ndeezi, ambaye ni kiziwi, aliingia Bungeni. Iko shule ya viziwi Ntinda, na Chuo Kikuu cha Kyambogo hufundisha Lugha ya Alama ya Uganda. Lugha hii ni ya hapa hapa, na ina watu wake. Tusiitafute katika vitabu vya ng'ambo.

Na nani atasema ishara si maneno? Nabii Zakariya (a.s.) alizungumza na watu wake kwa ishara siku tatu. Bi Maryam alipoulizwa, alimwashiria mtoto.

Enyi wazazi, mtoto asipogeuka akiitwa, apimwe masikio mapema. Akionekana hasikii, tusingoje ulimi. Tuwaendee viziwi wenyewe watufundishe, baba, mama na ndugu zake wote. Na madrasa zetu ziwe na ustadh anayejua alama.

Mtoto ni amana. Tutaulizwa.

Wabillahi tawfiq.