Mambo ya Kale: Chungu Kisichowaka

Ndugu msomaji, mwezi huu twende mbali kidogo, mpaka mji wa Akka. Mji huo uko mashariki ya Bahari ya Mediteranea. Siku hizi uko katika nchi ya Israel. Tutaona jinsi watu wa huko walivyopigana kwa moto, kabla hawajajua bunduki.

Mwaka 1187 Sultani Salahuddin aliwashinda Wazungu wa vita vya Msalaba waliokuwa wakitawala Palestina. Aliuteka mji wa Yerusalemu. Akka aliuteka pia. Mwaka 1189 Wazungu walikuja kuuzunguka mji wa Akka ili wautwae tena. Ndani ya mji walikuwamo askari wa Salahuddin. Mkubwa wao aliitwa Qaraqush. Salahuddin mwenyewe alikuwa nje na jeshi lake, nyuma ya Wazungu.

Ukuta wa Akka ulikuwa imara. Basi Wazungu walijenga minara mitatu ya mbao, yenye magurudumu. Kila mnara ulikuwa na ghorofa tano na urefu wa dhiraa 60. Fikiri mnazi mrefu kuliko yote uliyopata kuona. Bahauddin, kadhi wa jeshi la Salahuddin, ameandika kwamba mnara mmoja uliweza kuchukua watu zaidi ya 500. Minara hiyo ilisukumwa polepole kuelekea ukutani. Ikifika, mji umekwisha.

Lakini mbao si huungua? Ndiyo, na Wazungu walilijua hilo. Waliifunika minara yao kwa ngozi. Ngozi wakazilowesha kwa siki, na udongo wakapaka. Askari wa mjini walirusha moto, ukazimika. Wakarusha tena, ukazimika. Ilikuwa kama kutupa kijinga cha moto matopeni. Watu wa Akka walikata tamaa.

Mjini alikuwamo mtu mmoja wa Dameski, katika nchi ya Syria. Alikuwa kijana bado. Haikuwa kazi yake kupigana kwa moto. Alipenda tu kukusanya vyombo vya kurushia moto, na kujua dawa zinazoukuza. Jamaa zake walimlaumu kwa kupoteza wakati wake. Kijana huyu alimwendea Qaraqush, akamwomba amwamuru mwenye mtambo arushe vitu atakavyopewa. Qaraqush alikuwa na hasira na hofu, hakutaka kumsikiliza. Waliokuwa karibu wakamwambia, mwache ajaribu, hatutapata hasara. Akakubali.

Kijana alikuwa ametengeneza mafuta yake. Waarabu huyaita naft. Ni mafuta meusi yanayotoka ardhini, ndugu wa mafuta ya taa tunayoyajua sisi. Aliyachanganya na dawa zake, akayatia katika vyungu.

Chungu cha kwanza kilirushwa bila moto. Kikapasuka juu ya mnara, mafuta yakamwagika. Hakuna kilichowaka. Cha pili vilevile. Wazungu walipoona hivyo walipiga kelele kwa furaha. Wakacheza ngoma juu ya paa la mnara.

Walicheza, na huku mafuta yanapenya. Unajua mwenyewe jinsi mafuta ya taa yanavyopanda katika utambi. Naft nayo iliingia katika nyufa na maungio ya mbao, mahali ambapo kijinga cha moto hakifiki. Kijana alipoona yametosha, alirusha chungu kinachowaka.

Mnara ulishika moto mara moja. Moto wa mafuta una tabia mbaya: ukiumwagia maji, mafuta huelea juu ya maji na moto husambaa. (Hata nyumbani, mafuta yakiwaka usimwage maji. Tupia mchanga.) Watu wa ghorofa zote tano hawakuwahi kutoka. Vyungu vile vya mwanzo viliwafanya wasiogope, wakakaa tu. Waliungua pamoja na silaha zao. Waliokuwa katika mnara wa pili walikimbia, na mnara ukaungua mtupu. Kisha ukaungua wa tatu. Hii ilikuwa mwezi wa Mei, mwaka 1190.

Ibn al-Athir, mwandishi mkubwa wa historia wa wakati ule, anasema Salahuddin alimpa kijana mali nyingi na mashamba. Kijana alikataa vyote. Alisema alifanya kwa ajili ya Mungu, wala hataki malipo ya mtu.

Je, mji ulipona? Ulipona kwa mwaka mmoja na zaidi. Mwaka 1191 walikuja mfalme Philip wa Ufaransa na mfalme Richard wa Uingereza, na majeshi mapya. Walipiga ukuta kwa mawe makubwa mpaka ukabomoka. Waliokuwa ndani walikuwa wachache, wamechoka. Mwezi wa Julai Akka ilisalimu amri, na Qaraqush akachukuliwa mateka.