*NYUMBA YA KWENYE RAMANI SI NYUMBA: TUSIKIMBILIE KULIPA*

*Taarifa kwa wanachama wote wa tawi*



Kwa wiki kadhaa matangazo ya nyumba ambazo hazijajengwa yamekuwa yakipita humu kwenye kundi letu: maghorofa yanayotazama ziwa, na maneno "lipa asilimia 30 leo, mwakani unapangisha". Sisi viongozi tuliyaacha yapite, na mmoja wetu aliyasambaza. Hilo ni kosa letu.

Tunaandika leo kwa sababu kikundi cha akina mama wa tawi kinakutana Jumamosi kuamua kama kiweke akiba yake huko. Pia mwenzetu mmoja, mstaafu, ameshaumia. Sehemu kubwa ya kiinua mgongo chake iko kwa kampuni ambayo hatutaitaja, na mpaka leo kiwanja kina msingi na nyasi tu. Kila akipiga simu anaambiwa "mwezi ujao".

*Msimamo wetu ni huu:* anayelipia nyumba ya kwenye ramani hajanunua nyumba. Amemkopesha mjenzi, bila riba na bila dhamana.

Tutazame pale Kirumba Mwaloni. Mchuuzi akimpa mwenye mtumbwi fedha ya mafuta na nyavu kabla hajaingia ziwani, anajua mtumbwi uko wapi, mashine ni ya nani, na samaki wakifika ni yeye anayeuziwa kwanza. Mnunuzi wa nyumba ya kwenye ramani hana hata kimoja kati ya hivyo. Hati ya kiwanja ina jina la kampuni. Mara nyingi kiwanja hichohicho kimewekwa rehani benki ili kupata mkopo wa ujenzi. Kampuni ikianguka, benki inachukua kwanza, na wewe unapanga foleni nyuma na risiti mkononi.

Hata ikijengwa kwa kuchelewa, hasara ipo. Chukua nyumba ya milioni 80, umelipa milioni 24, na ulitegemea kodi ya 400,000 kwa mwezi. Kila mwaka wa kuchelewa ni milioni 4.8 ambazo hukuzipata. Kama ulikopa, marejesho hayasubiri paa liezekwe.

Wapo watakaosema mradi ukiwa mkubwa hauwezi kukwama. Mradi wa Dege, Kigamboni, ulikuwa wa NSSF na mbia wake, nyumba zaidi ya 7,000. Ulisimama mwaka 2016 na maghorofa yakabaki magofu mapya. Mradi wa Shirika la Nyumba la Taifa pale Kawe ulikwama kwa miaka, wakati baadhi ya wanunuzi walishatoa fedha zao. Kama taasisi hizo zilikwama, kampuni yenye ofisi ya chumba kimoja na ukurasa wa Instagram itatupa uhakika gani?

Hatusemi Mwanza haina fursa. Daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa 2025, reli inakuja, na viwanja vya Buswelu, Usagara na Kisesa vinapanda bei. Ndiyo maana wauzaji wa ndoto nao wamekuja.

*Kabla ya kutoa hata shilingi moja:*

1. Fanya upekuzi kwa Msajili wa Hati. Uone kiwanja ni cha nani na kama kina rehani.
2. Omba kibali cha ujenzi, kisha kahakikishe mwenyewe Jiji au Manispaa ya Ilemela. Picha ya kibali kwenye simu haitoshi.
3. Kama wanauza "ufukweni", pima. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa ziwa.
4. Bei iwe ya shilingi. Kanuni za 2025 zimekataza kuuziana ndani ya nchi kwa dola. Uliza pia kama VAT imo.
5. Lipa kwa hatua za ujenzi zilizokaguliwa, kamwe si kwa tarehe za kalenda. Mkataba useme nyumba ikichelewa unarudishiwa nini na lini, na wakili wako ausome, si wakili wao.

Lakini tahadhari ya mtu mmojammoja haitoshi. Kwa miaka mingi waendelezaji milki na madalali wamefanya kazi bila sheria moja mahsusi ya kuwasimamia. Dubai, baada ya nyumba za kwenye ramani kuuzwa kwa fujo, waliweka sheria mwaka 2007: fedha ya mnunuzi inakaa kwenye akaunti maalumu benki, na mjenzi anaipata kadiri jengo linavyopanda. Tunataka hilo hapa. Tutawaomba madiwani wetu wa Nyamagana na Ilemela wadai halmashauri zibandike hadharani orodha ya miradi yenye vibali, na mbunge alifikishe suala la akaunti maalumu bungeni.

Kwa akina mama wetu: uamuzi ni wenu, fedha ni zenu. Ombi letu ni moja, msipige kura Jumamosi kabla ya majibu ya upekuzi. Katibu wa tawi atawasindikiza ofisi ya ardhi.

Kuanzia leo, matangazo ya nyumba hayaruhusiwi kwenye kundi hili. Tusikubali kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

*Imetolewa na Kamati ya Utendaji ya Tawi*
Mwanza