"Wote" ni Akina Nani?

Wenzangu wa kompyuta, kuna kosa ambalo mashine haitakuambia kamwe, kwa sababu kwake si kosa.

Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Lagangabilili, wilayani Itilima. Kwetu msimu wa pamba ukifika, habari ni mizani na malipo tu. Nikamwandikia baba mdogo, anayetunza hesabu za wakulima wa kitongoji chetu, kiprogramu cha JavaScript. Mstari wenye kazi ulikuwa mmoja:

wakulima.every(m => m.amelipwa)

Kazi ya every ni nyepesi. Inampitia kila aliyemo kwenye orodha na kumpima kwa sharti. Ikikutana na mmoja asiyetimiza, inasimama hapo hapo na kurudisha false. Ikimaliza bila kumkuta, inarudisha true. Imo kwenye kanuni za lugha hiyo tangu toleo la 2009, na haina ubaya wowote.

Nikawasha. "Wakulima wote wamelipwa." Baba mdogo akacheka: "Mwanangu, mbona hapo nje watu wamekaa wanasubiri hela?"

Kuchungulia, kumbe faili halikusomeka na orodha ilikuwa tupu. Kwa orodha tupu, every husema true, sharti liwe lolote. Hiyo si hitilafu, ni mantiki yenyewe: hakupatikana wa kupinga.

Wengi tukifika hapo tunaongeza wakulima.length > 0 && halafu tunaenda kulala. Mimi nasema haitoshi. Kama waliopima pamba ni sitini na orodha ina arobaini waliolipwa, bado jibu ni true, na ishirini wamedhulumiwa kimya kimya. Idadi lazima ilinganishwe na daftari la mizani, yaani na kitu kilicho nje ya programu. Anayepima programu bila kulifungua daftari hilo hajapima kitu.

Na tusiishie kwenye msimbo. Tukisomewa kikaoni kwamba "madarasa yote yameafiki", tusikimbilie kupiga makofi. Tuulize kwanza: yalihesabiwa madarasa mangapi, na lipi halikuandikwa? Maana asiyeandikwa hana namna ya kurudisha false.

Baba mdogo sasa anakitumia kiprogramu. Ila kila jioni anahesabu majina kwa kidole kwanza, na mimi simkatazi.